Nyanya wakati wa joto kali: dalili, chanzo na tiba bustanini

Mnyanya hupenda jua, lakini joto lina kiwango chake. Hustawi vizuri mchana ukiwa na nyuzi 21 hadi 29 za Selsiasi na usiku nyuzi 15 hadi 20. Mchana ukivuka nyuzi 32 na usiku ukakataa kupoa chini ya 22 au 23, mmea huacha kushughulika na matunda ukaanza kujihami. Hapo ndipo lawama hutupiwa wadudu na magonjwa, bomba la dawa likashikwa, na mara nyingi dawa yenyewe ikaongeza jeraha. Katika bustani ya nyumbani, shida nyingi za msimu wa joto zina mzizi mmoja: maji yasiyo na utaratibu. Magonjwa na wadudu wapo, na baadhi yao ni wakali kweli, ila ni vema kuwafikia baada ya kuondoa shaka ya maji na joto.

Anza kwa kutazama dalili ilipoanzia

Kagua mmea asubuhi na mapema, kabla jua halijapata nguvu, kuanzia ardhini hadi kileleni. Dalili zinazoanzia majani ya chini zina ukoo wake: njaa ya naitrojeni au magnesiamu, bakajani (ugonjwa wa madoa ya kahawia), mnyauko fusari, au uzee tu wa majani yaliyokosa mwanga. Naitrojeni na magnesiamu ni madini yanayohama. Yakipungua, mmea huyanyang'anya majani makuukuu na kuyapa machanga, ndiyo maana manjano huanzia chini. Dalili zinazoanzia kileleni zina ukoo mwingine: virusi, dawa ya magugu iliyopeperushwa na upepo, upungufu wa chuma, au vidukari.

Kisha hesabu mimea iliyoathirika. Tuta zima likibadilika kwa siku moja, tafuta jambo lililolipata tuta zima: joto, ukame, dawa, mbolea. Mimea ikianguka mmoja mmoja, huku na kule, shuku ugonjwa wa udongoni au mdudu. Mwisho, jiulize siku 10 zilizopita maji yamekwenda vipi na umeweka nini shambani. Dalili nyingi za kwenye tunda ni matokeo ya jambo lililotokea wiki mbili nyuma, na kutibu kilichopo leo hakulirudishi.

Majani yamelegea

Majani kulegea saa 8 mchana si ugonjwa. Jani linapoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, hata udongo ukiwa na unyevu wa kutosha. Kipimo ni saa 12 asubuhi. Mmea ukiwa umesimama vizuri wakati huo, uache. Kukimbilia ndoo kila unapouona umelegea mchana ni njia ya haraka ya kuozesha mizizi.

Ukiukuta bado umelegea alfajiri, chimba. Chukua koleo dogo, shuka sentimita 15 umbali wa kiganja kutoka shinani, ukamate udongo na kuukamua. Ukisambaratika mkononi kama unga, mmea una kiu. Ukichuruzika maji au ukinuka uvundo, mizizi imekosa hewa, na dawa yake ni kuacha kumwagilia mpaka sentimita 5 za juu zikauke, kisha kupunguza kiasi. Watu wengi hukosea hapa kwa sababu kiu na kuzama huonyesha sura moja kwenye majani: mzizi uliooza haunywi, hata ukiwa majini.

Mwenye kiu anywe taratibu na kwa kina. Mnyanya uliokwisha kubeba matunda hutumia takriban lita 2 hadi 4 kwa siku ya joto kali, kutegemea ukubwa wake na upepo. Kwenye udongo wa mfinyanzi unaweza kutoa maji ya siku mbili kwa mkupuo mmoja. Kwenye mchanga gawa kila siku. Udongo uliokauka sana hukataa maji mwanzoni, yakakimbilia pembeni. Mwaga nusu, subiri nusu saa, kisha mwaga nusu iliyobaki. Rudi na koleo lako saa moja baadaye: kama unyevu haujafika sentimita 15 hadi 20, ulichofanya ni kulowesha vumbi. Kunyunyiza juu juu kila jioni huifundisha mizizi kukaa karibu na uso wa ardhi, mahali penye joto kuliko pote.

Weka matandazo ya nyasi kavu au majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha duara la sentimita 5 bila kitu kuzunguka shina ili lisioze. Nyasi zenye mbegu usitumie; utakuwa umepanda magugu. Matandazo yakiwekwa juu ya udongo mkavu huzuia hata mvua ndogo kupenya, kwa hiyo mwagilia kwanza ndipo utandaze.

Sasa, kama udongo una unyevu wa wastani na mmea umenyauka ukiwa bado na rangi yake ya kijani, umeanguka ndani ya siku mbili tatu bila majani kugeuka manjano, kuna uwezekano mkubwa ni mnyauko bakteria. Kipimo chake hakihitaji maabara. Kata kipande cha shina cha sentimita 10 karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kugusa chini, usiitikise. Ndani ya dakika 5 hivi utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka penye kidonda. Ukiziona, hakuna dawa ya kuokoa mmea huo. Ung'oe pamoja na udongo wa mizizi, uutie kwenye mfuko, uutoe bustanini. Usiutupe kwenye lundo la mboji. Osha kisu na koleo kwa dawa ya klorini, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji. Hawa bakteria hukaa udongoni miaka mingi, hupenda udongo wenye joto na unyevu, na husafiri na maji ya umwagiliaji, kwa hiyo usiendelee kupitisha mfereji kutoka shimo hilo kwenda mimea mizima. Mahali hapo usirudishie nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo. Ukitaka nyanya papo hapo, panda kwenye vyombo vyenye udongo mwingine, au tafuta miche iliyobebeshwa juu ya mizizi ya biringanya inayostahimili ugonjwa.

Mnyauko fusari hauna haraka hivyo. Huanza na majani ya chini kuwa manjano upande mmoja wa mmea, wakati mwingine hata upande mmoja wa jani, huku upande wa pili ukiwa mzima. Pasua shina kwa urefu, utaona mistari ya kahawia chini ya ganda. Nao hautibiki; msimu ujao nunua mbegu ambayo pakiti yake inaonyesha herufi F, kwani ndiyo alama ya ustahimilivu. Herufi N kwenye pakiti hiyohiyo ni kwa ajili ya minyoo fundo.

Minyoo hiyo huwapata zaidi wenye udongo wa kichanga na wenye joto. Mmea hudumaa, hunyauka mchana hata ukinywesha, na huonyesha njaa hata ukiwa umewekewa mbolea. Ng'oa mmoja ulio dhaifu zaidi: mizizi itakuwa na vinundu kama shanga vilivyo sehemu ya mzizi wenyewe, visivyobanduka kwa kidole. Kwa mimea iliyosimama, ongeza mboji na maji ili mizizi iliyobaki ifanye kazi, uvune unachoweza. Baada ya mavuno tumia joto hilohilo kama silaha: lainisha udongo, ulowanishe mpaka chini, ufunike kwa plastiki angavu iliyobana kingo zote, uache wiki 4 hadi 6 katika kipindi cha jua kali kuliko vyote. Plastiki nyeusi haipashi udongo kwa kina kama ile angavu.

Maua yanapukutika

Kikonyo cha ua kinageuka manjano, kinakatika penye kifundo, na asubuhi chini ya mmea kumetapakaa maua makavu. Hili ndilo lalamiko kuu la msimu wa joto, na chanzo chake kikubwa ni chavua. Mchana ukipita nyuzi 32 hadi 35 chavua hupoteza uhai. Usiku usipopoa, hata chavua iliyobaki haipati nguvu ya kufika kwenye yai. Ua lisilotungwa hudondoka. Hewa yenye unyevu mwingi hufanya chavua igandamane isitoke, na hewa kavu sana hufanya isishike.

Ua la mnyanya lina dume na jike humo humo, linachohitaji ni mtikisiko. Kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, siku yenye jua, gonga kwa kidole nyuma ya kila kichala cha maua yaliyofunguka, mara tatu nne. Mswaki wa umeme uliogusishwa kwenye kikonyo kwa sekunde mbili hufanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu unaiga mvumo wa nyuki bambi. Rudia kila siku mbili.

Kivuli ni msaada mwingine. Neti inayozuia asilimia 30 hadi 40 ya mwanga yatosha. Ya asilimia 70 itakupa majani marefu yasiyo na ua. Itandaze angalau nusu mita juu ya kilele ili hewa ipite, ukiielekeza zaidi upande wa magharibi, kwani jua la alasiri ndilo linalounguza. Kitambaa cheupe chepesi kwenye vijiti vinne kinafaa kama neti haipo.

Angalia pia mbolea. Mmea wenye shina nene kama kidole gumba, majani ya kijani kilichoiva sana na maua machache umeshiba naitrojeni. Acha samadi, urea na CAN mpaka matunda ya kwanza yafikie ukubwa wa gololi. Baada ya hapo, kijiko kimoja cha chai (gramu 5 hivi) cha mbolea yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni, kila wiki mbili, sentimita 15 kutoka shinani na juu ya udongo uliolowa, kinatosha mmea mmoja. Mbolea ya chumvichumvi kwenye udongo mkavu wakati wa joto huunguza mizizi, na kingo za majani zitakauka kuonyesha hivyo.

Ukiwa umeshafanya haya na maua bado yanaanguka, subiri. Usiku ukianza kupoa, mmea wenye afya hurudi kutunga wenyewe. Aina za nyanya ndogondogo za duara hutunga kwenye joto kuliko aina za matunda makubwa. Anayepanda kwa ajili ya msimu huu achague hizo, au aina zilizozalishwa mahsusi kwa joto.

Kitako cha tunda kimeoza

Doa la majimaji upande wa chini wa tunda, upande ulio mbali na kikonyo, linakuwa la kahawia, kisha jeusi, limebonyea na gumu kama ngozi. Huanzia mara nyingi kwenye matunda ya mwanzo, na aina ndefu kama Roma huathirika kuliko za duara. Si ugonjwa wa kuambukiza. Dawa ya ukungu hapa ni hasara tupu. Ukungu mweusi unaouona juu ya doa umefika baadaye kula kilichokwisha kufa.

Kinachotokea ni tunda kukosa kalsiamu lilipokuwa dogo. Wengi hudhani udongo hauna kalsiamu, na mara nyingi ipo tele. Madini haya husafiri na maji tu, na maji hukimbilia penye kupoteza maji, yaani majani. Siku ya joto na upepo, majani huvuta karibu kila kitu, tunda likabaki nyuma, na kitako chake ndicho kilicho mwisho wa safari. Udongo ukikauka siku mbili halafu ukafurikishwa, safari hiyo hukatika kabisa.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ni unyevu usiopandapanda na kushuka: maji kwa ratiba, matandazo, na kivuli cha alasiri. Ya pili, punguza vinavyogombana na kalsiamu mzizini. Mbolea za amonia na naitrojeni nyingi hukuza majani yanayolinyang'anya tunda. Potasiamu na magnesiamu zikizidi huziba nafasi yake. Chumvi ya Epsom, ambayo watu hupeana kama dawa ya tatizo hili, ni magnesiamu, na inaweza kulizidisha. Ya tatu, usipalilie kwa jembe karibu na shina, kwani mizizi midogo ya juu ndiyo inayonyonya.

Maganda ya mayai huoza polepole mno kusaidia msimu huu. Yaponde yawe unga uyaweke kwenye mboji ya mwakani. Kunyunyizia kalsiamu majani kuna faida ndogo, maana ikishaingia kwenye jani haitoki kwenda kwenye tunda. Kama kipimo cha udongo kinaonyesha pH (kiwango cha tindikali) chini ya 6, weka chokaa ya kilimo miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, kama pH iko sawa (6 hadi 6.8) na kalsiamu ni kidogo kweli, tumia jasi.

Yachume matunda yaliyooza kitako, yasiendelee kunywa maji ya wenzao. Sehemu nzima ya tunda hilo inalika. Ukirekebisha maji leo, tarajia matunda yatakayotunga kuanzia leo kuwa safi. Yaliyokwisha kupata dosari yataendelea kuionyesha kwa wiki mbili au zaidi.

Matunda yamepasuka, yamebabuka au yana mabega ya manjano

Nyufa hutoka kwa maji ya ghafla baada ya kiu: nyama inavimba haraka kuliko ganda linavyotanuka. Utabiri wa mvua kubwa ukija na tuta limekauka, mwagilia wastani siku moja kabla, uchume yote yaliyoanza kubadilika rangi.

Doa jeupe au la manjano hafifu, laini kama karatasi, upande unaotazama jua, ni kubabuka. Mara nyingi mkosaji ni mkasi. Kanuni ya kupogoa majani ya chini na machipukizi ya makwapani ni nzuri wakati wa unyevu na baridi, lakini kwenye jua kali acha kila jani linalokifunika kichala. Ondoa tu yale yanayogusa ardhi, sentimita 20 hadi 30 za kwanza. Kama umeshavua mmea nguo zake, tundika kipande cha kitambaa chepesi upande wa magharibi wa vichala.

Tunda linaloiva huku sehemu ya juu karibu na kikonyo ikibaki manjano na ngumu limepata joto kupita kiasi. Rangi nyekundu huacha kutengenezwa tunda likizidi nyuzi 30 hivi, ilhali ile ya manjano huendelea. Kusubiri zaidi juani hakusaidii. Chuma tunda likianza tu kuwa na wekundu hafifu kitakoni, liweke ndani kivulini kwenye nyuzi 20 hadi 25. Litaiva sawasawa, na ndege na funza hawatalipata. Usiliweke kwenye friji likiwa bado linaiva, maana baridi ya chini ya nyuzi 12 hulisimamisha na kuua ladha.

Majani yamejikunja

Hapa tofauti ni ndogo kwa macho na kubwa kwa uamuzi. Majani ya chini na ya kati yakijikunja kwenda juu kama mrija, yakawa mazito na makavu kama ngozi lakini bado ya kijani, mmea unajikinga na jua. Hutokea sana baada ya kupogoa kwa wingi au kukosa maji. Hakuna cha kutibu, mavuno hayapungui.

Majani ya kileleni yakiwa madogo, yamekunjamana kwenda juu kama kikombe, kingo zake manjano, na mmea umeacha kurefuka, hiyo ni rasta, virusi vinavyoletwa na inzi weupe. Tikisa mmea: wingu la vidudu vyeupe vidogo litaruka kutoka chini ya majani. Mmea wenye virusi haurudi. Tatizo ni moyo kuusikitikia, kwa sababu bado una maua mawili matatu; lakini kila siku unayouacha, inzi hunywa kwake na kwenda kwa jirani. Ufunike mfuko kabla ya kuung'oa ili inzi wasitawanyike. Mimea michanga ndiyo inayopata hasara kubwa zaidi, kwa hiyo ulinzi unaolipa ni neti yenye matundu madogo sana juu ya kitalu na wiki 3 hadi 4 za kwanza baada ya kupandikiza, uifungue ua la kwanza likitokea. Kadi za manjano zenye gundi, zikitundikwa usawa wa kilele, hukuonyesha mapema kwamba inzi wamefika, zisitegemewe kuwamaliza.

Kileleni kukiwa na majani membamba yaliyosokotwa kama ya kangaga, na mashina yamepinda, fikiria dawa ya magugu. Huweza kuja na upepo, au kwa njia ambayo wengi hawaitegemei: samadi ya wanyama waliokula majani makavu ya malisho yaliyopuliziwa. Ukiwa na shaka na samadi, ijaribu. Changanya na udongo kwenye chungu kidogo, panda maharage matatu, na kando yake chungu kingine kisicho na samadi hiyo. Wiki 2 hadi 3 zinatosha. Majani ya kwanza yakijikunja kama kijiko kwenye chungu cha kwanza tu, samadi hiyo isiingie bustanini.

Madoa, vumbi na mashimo

Jani lenye vidoa vingi vidogo vya manjano kama limemwagiwa mchanga, na utando mwembamba chini yake, lina utitiri mwekundu. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, uligonge: nukta zinazotembea ndizo hizo. Utitiri hupenda joto kavu na vumbi, na kwenye nyuzi 30 kizazi kipya hukamilika ndani ya wiki moja hivi. Ndiyo maana dawa ya mara moja haimalizi, mayai hubaki. Piga maji yenye nguvu chini ya majani asubuhi, siku tatu mfululizo. Yasipotosha, tumia sabuni ya maji isiyo na dawa ya kung'arisha, mililita 5 hadi 10 kwa lita ya maji, ukilowesha upande wa chini wa jani, mara tatu kila baada ya siku 4 au 5. Dawa kali za kuua kila mdudu huwaua wanaokula utitiri na kuuacha utitiri wenyewe ukizaliana kwa raha.

Shina likiwa na rangi ya shaba kuanzia chini, na majani yake yakikauka yakipanda, huo ni utitiri wa kutu, mdogo kiasi cha kutoonekana kwa jicho. Huu huitikia salfa. Salfa isipuliziwe joto likizidi nyuzi 32, wala ndani ya wiki mbili za kutumia mafuta yoyote, ya mwarobaini yakiwemo.

Madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, kama pete za mti uliokatwa, kuanzia majani ya chini, ni bakajani tangulizi. Chuma majani hayo mmea ukiwa mkavu, mwagilia ardhini badala ya juu ya majani, na matandazo yazuie matope kurukia. Bakajani chelewa, ile inayofyeka mmea kwa siku chache, huhitaji ubaridi na unyevu. Katika kipindi cha joto kavu ni nadra.

Njia nyembamba nyeupe zinazopindapinda kwenye jani ni za kibuu mchimba majani. Ziache, mmea mkubwa hauumii. Lakini mabaka mapana yenye vinyesi vyeusi ndani, ngozi ya jani ikiwa angavu, pamoja na vitundu kama vya sindano karibu na kikonyo cha tunda, ni kantangaze (Tuta absoluta), nondo mdogo ambaye viwavi wake huchimba majani na matunda. Huyu usimpe siku. Chuma kila jani lenye baka na kila tunda lenye kitundu, fungia kwenye mfuko wa plastiki ulioachwa juani. Dawa iliyotengenezwa kwa bakteria aina ya Bt (Bacillus thuringiensis) hufaa kwa viwavi wachanga ambao hawajaingia ndani, na ipulizwe jioni kwa sababu jua huiharibu. Kipimo kiwe kama lebo inavyosema.

Manjano yaliyoenea jani zima, kuanzia chini, mmea ukiwa mwembamba, ni njaa ya naitrojeni. Manjano kati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, kwenye majani makuukuu, ni magnesiamu. Hapa chumvi ya Epsom ina kazi yake halali, gramu 10 kwa lita, kwenye majani, jioni, mara mbili ndani ya wiki mbili.

Kupulizia chochote kwenye joto

Sabuni, mafuta na hata mbolea ya majani huunguza mmea ulio na kiu. Mwagilia siku moja kabla, jaribu kwenye majani mawili, subiri saa 24, ndipo upulize mmea wote, jua likishazama au kabla halijachomoza. Joto likizidi nyuzi 32, ahirisha.

Mimea iliyo kwenye vyombo

Kila kilichosemwa juu hutokea kwenye chungu kwa kasi maradufu. Chombo kiwe na lita 20 au zaidi kwa mmea mmoja. Chombo cheusi juani hupika mizizi ya pembeni. Kivishe kitambaa cheupe au kiingize ndani ya kikubwa zaidi. Mwagilia asubuhi, na tena alasiri siku za joto kali, mpaka maji yachungulie chini. Kila wiki mbili pitisha maji mengi yasiyo na mbolea, kiasi cha ujazo wa chombo chenyewe, ili kuosha chumvi iliyojikusanya. Ukoko mweupe kwenye ukingo ni dalili kwamba umechelewa.

Mmea uliochoka lakini haujafa

Aina fupi zinazotunga kwa pamoja zikishazaa zimemaliza. Aina ndefu zinaweza kuanza upya. Wiki 5 au 6 kabla ya usiku kuanza kupoa, kata mmea wenye mizizi mizima mpaka ubaki sentimita 45 hadi 60, ukiacha machipukizi mawili yenye nguvu, uupe mboji na maji. Kama mizizi ina shaka, chukua chipukizi lenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, ondoa majani ya chini na maua yote, lichomeke kwenye udongo mchanga wenye unyevu kivulini. Mizizi hutoka ndani ya siku 7 hadi 14, na mche huo huchanua mapema kuliko uliooteshwa kwa mbegu. Usichukue chipukizi kwenye mmea wenye rasta au ulionyauka, hata liwe zuri kiasi gani kwa macho.